Barua-pepe Mawimbini: Uundaji wa Mtandaopepe wa Linux kwa Redio ya Ridhaa na Funzo Lake kwa Istilahi za Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi tarakilishi ndogo inayoendeshwa kwa mfumo wa Linux inavyoweza kuwekwa garini, ikaunganishwa na redio ya ridhaa, na kuwawezesha watu wenye simu za mkononi kuandika na kupokea barua-pepe mahali ambapo minara ya simu na intaneti haifanyi kazi. Sehemu ya kwanza inafafanua dhana za msingi, ya pili inaonyesha hatua za usanidi, na ya tatu inajadili mipaka ya kiufundi na ya kisheria. Hatimaye makala yanachunguza istilahi zilizotumika, kwa kuwa maelezo ya teknolojia ni mizani mojawapo ya kupimia uwezo wa lugha.

1.0 Utangulizi

Tarehe 20 Septemba 2017, kimbunga kilichopewa jina la Maria kilitua Puerto Rico, kisiwa cha bahari ya Karibi kilicho chini ya mamlaka ya Marekani. Umeme ulikatika kisiwa kizima. Zaidi ya asilimia 90 ya minara ya simu za mkononi ilizimika. Mwaka 2018 serikali ya kisiwa hicho ilikubali idadi ya vifo 2,975 kuwa ndiyo idadi rasmi, na wengi wa waliohesabiwa humo walifariki katika miezi iliyofuata kimbunga, wakati huduma muhimu zilikuwa bado hazijarejea.

Katika hali hiyo, habari sahili kabisa, kwamba fulani yu hai na yuko mahali fulani, haikuwa na njia ya kusafiri. Shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani liliomba msaada kutoka ARRL, chama cha kitaifa cha wanaredio wa ridhaa wa nchi hiyo. Shirika lilihitaji watu wasiozidi 50, na hatimaye kundi la watu 22 lilisafiri kwenda kisiwani. Mojawapo ya kazi walizopewa ilikuwa kukusanya na kutuma taarifa za manusura ili jamaa zao walio mbali wapate kujua hali yao.

Miaka 13 kabla ya hapo, tsunami ya Desemba 2004 ilipovipiga visiwa vya Andaman katika Bahari ya Hindi, kundi la wanaredio wa ridhaa kutoka India lilikuwa Port Blair kwa shughuli nyingine kabisa. Redio zao ziligeuka kuwa kiungo kati ya visiwa hivyo na bara. Bahari hiyo hiyo ndiyo inayoosha pwani ya Afrika Mashariki, na mawimbi ya tsunami hiyo yalifika Somalia, Kenya na Tanzania.

Mifano hii miwili inazua swali linalohusu somo hili. Sauti ya redio husahaulika au husikika vibaya, na orodha ya majina 200 haisomwi kwa sauti bila makosa. Je, inawezekanaje barua iliyoandikwa kwa simu ya kawaida ikasafiri kwa redio hadi kwenye sanduku la barua-pepe la mtu aliye ng'ambo? Na je, Kiswahili kina maneno ya kutosha kulijibu swali hilo kikamilifu?

2.0 Dhana za Msingi

2.1 Redio ya ridhaa

Kiswahili tayari kina neno la shughuli inayofanywa kwa moyo wa mapenzi pasipo malipo. Wasikilizaji wa habari za michezo wamelizoea katika kauli kama “ngumi za ridhaa” na “soka ya ridhaa”. Makala haya yanalitumia neno hilo hilo kwa redio. Mwanaredio wa ridhaa ni mtu aliyefanya mtihani, akapewa leseni na mamlaka ya nchi yake, na kuruhusiwa kutumia masafa yaliyotengwa kwa mazoezi, majaribio na mawasiliano yasiyo ya kibiashara. Nchini Kenya leseni hizo hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Kila mwenye leseni hupewa alama ya wito, ambayo ni jina lake hewani. Mwanzo wa alama hiyo hutambulisha nchi: 5Z ni ya Kenya, 5H ya Tanzania, 5X ya Uganda, 9X ya Rwanda, 9U ya Burundi na 9Q ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Alama ya wito hutangazwa katika kila mawasiliano, kwa hiyo hakuna anayeruhusiwa kuzungumza hewani akiwa amejificha.

2.2 Winlink: posta ya mawimbini

Winlink ni mfumo wa kimataifa wa kupeleka barua-pepe kwa redio. Mzizi wake ni programu ya Aplink iliyoandikwa katika miaka ya 1980 na Victor Poor, mhandisi wa tarakilishi wa Marekani aliyekuwa pia mwanaredio wa ridhaa. Mfumo huu huendeshwa na watu wanaojitolea. Una sehemu tatu, na ni muhimu zieleweke kwa utaratibu wake.

Sehemu ya kwanza ni mteja, yaani programu inayoandika barua na kuihifadhi hadi redio itakapopatikana. Ya pili ni lango, ambalo ni kituo cha redio kilichowekwa na mwanaredio mwingine mahali penye intaneti inayofanya kazi. Ya tatu ni seva kuu, ambazo hupokea barua kutoka kwa malango yote na kuzipeleka zinakohusika. Anwani ya mtumiaji huwa alama yake ya wito ikifuatwa na @winlink.org. Ikiwa mawasiliano yameharibika katika eneo moja, mwenye gari atatafuta lango lililo nje ya eneo hilo, na kutoka hapo barua itasafiri kama barua-pepe nyingine yoyote.

2.3 Mtandaopepe

Mtandaopepe ni mtandao mdogo usiotumia waya unaotangazwa na kifaa kimoja ili vifaa vingine vilivyo karibu vijiunge nacho. Wengi wanaufahamu kama njia ya kugawa intaneti ya simu. Katika mfumo unaojadiliwa hapa, mtandaopepe haubebi intaneti. Unabeba ukurasa mmoja tu wa kuandikia na kusomea barua. Simu hujiunga na tarakilishi iliyo garini, mtumiaji hufungua ukurasa huo kwa kivinjari, huandika, kisha barua hungoja sandukuni. Redio huibeba barua hiyo peke yake. Mwanafunzi asipoutambua mpaka huu kati ya mtandaopepe na redio, hatua zote zinazofuata zitamchanganya, kwani atatarajia kusoma magazeti na kutazama video kwa njia isiyoweza hata kubeba picha kubwa.

3.0 Vifaa Vinavyohitajika

Vifaa vya msingi ni vitano. Kuna tarakilishi ndogo ya aina ya Raspberry Pi yenye kadi ya kumbukumbu. Kuna redio ya garini inayotumia masafa ya VHF. Kuna kiunganishi cha sauti, ambacho ni kidude kinachopeleka sauti kati ya tarakilishi na redio na kuibonyezea redio kitufe cha kusemea. Kuna antena iliyofungwa vyema juu ya gari. Na kuna betri ya volti 12 ya ziada, ili mawasiliano yasije yakamaliza nguvu za kuwashia injini.

Linux inapendekezwa kwa sababu tatu. Kwanza, ni programu huria: hailipiwi, na msimbo wake waweza kusomwa na kurekebishwa. Pili, hutosheka na tarakilishi ndogo inayotumia nishati kidogo. Tatu, programu zote zinazohitajika katika kazi hii hupatikana kwa utaratibu huo huo wa uhuria. Betri ya volti 12 yenye uwezo wa ampea-saa 20 huhifadhi wati-saa 240. Tarakilishi inayotumia wati 5 yaweza, kwa hesabu ya karatasini, kukaa saa 48 kwa betri hiyo. Redio inapotangaza hula zaidi ya hapo kwa mbali, lakini hutangaza kwa sekunde chache tu kwa kila barua.

4.0 Hatua za Usanidi

4.1 Kuandaa tarakilishi

Maelezo haya yanachukulia kwamba kadi imewekwa Raspberry Pi OS ya toleo la Bookworm, lililotolewa Oktoba 2023, au la baadaye. Kuanzia toleo hilo, mitandao husimamiwa na programu ya NetworkManager, na kazi iliyokuwa ikihitaji kuandika mafaili kadhaa hufanyika kwa amri mbili. Mwanafunzi aiunganishe tarakilishi na intaneti kwa waya wakati wa maandalizi. Anayeisanidi tarakilishi kutoka mbali kwa njia ya Wi-Fi atajifungia nje pindi mtandaopepe utakapowashwa, kwa kuwa antena ile ile ya Wi-Fi ndiyo itakayobadilishiwa kazi.

Aidha, ni lazima nchi itajwe kabla ya Wi-Fi kuruhusiwa kufanya kazi, kwani masafa yanayokubalika hutofautiana:

sudo raspi-config nonint do_wifi_country KE

4.2 Kuwasha mtandaopepe

Amri ya kwanza huunda mtandaopepe na kuupa jina na nywila. Ya pili huagiza uwake wenyewe kila tarakilishi inapowashwa:

sudo nmcli device wifi hotspot ifname wlan0 con-name posta ssid POSTA-GARINI password NENO-LAKO
sudo nmcli connection modify posta connection.autoconnect yes

Nywila isipungue herufi 8. NetworkManager huipa tarakilishi anwani 10.42.0.1 na kuzigawia simu zinazojiunga anwani zao bila mtumiaji kufanya lolote. Baadhi ya simu hutambua kwamba mtandao huu hauna intaneti, nazo hujitoa kimyakimya au kumwuliza mwenyewe kama anataka kubaki. Jibu ni kukubali kubaki, na ikilazimu, kuzima data ya simu kwa muda.

4.3 Modemu ndani ya programu

Redio hubeba sauti, ilhali tarakilishi hubeba tarakimu. Modemu ndiyo mkalimani kati ya hizo mbili. Zamani modemu ilikuwa kisanduku cha kununuliwa. Siku hizi yaweza kuwa programu. Dire Wolf ni programu ya namna hiyo. Katika mwendo wa biti 1,200 kwa sekunde, hutumia milio miwili, mmoja wa hezi 1,200 na mwingine wa hezi 2,200, na mabadiliko kati ya milio hiyo ndiyo yanayobeba ujumbe. Barua hukatwa katika pakiti kwa itifaki ya AX.25, na kila pakiti huwa na alama ya wito ya mtumaji na ya mpokeaji. Pakiti isiyofika salama hutumwa tena.

Programu huwekwa kwa amri hii:

sudo apt install direwolf

Kisha faili la usanidi, direwolf.conf, huandikwa mistari ifuatayo, alama ya wito ya mfano ikibadilishwa kwa alama halisi ya mwenye leseni:

ADEVICE plughw:1,0
MYCALL 5Z4XXX
MODEM 1200
PTT /dev/ttyUSB0 RTS
AGWPORT 8000

Mstari wa kwanza hutaja kadi ya sauti. Nambari yake huthibitishwa kwa amri ya arecord -l. Mstari wa nne hutaja njia ya kubonyeza kitufe cha kusemea, na hutegemea kiunganishi kilichonunuliwa. Mstari wa mwisho hufungua mlango ambao programu ya barua itautumia kuingia.

Baada ya hapo, sauti ipimwe. Dire Wolf huonyesha kiwango cha sauti ya kila pakiti inayopokewa, na kiwango kinachofaa ni karibu 50. Sauti ikizidi hupasuka, ikipungua humezwa na makelele. Wanaoanza hutumia saa nyingi kutafuta kosa katika mafaili, kumbe kosa lipo katika kitasa cha sauti.

4.4 Programu ya barua

Pat ni mteja huria wa Winlink aliyeandikwa kwa lugha ya programu iitwayo Go. Sifa yake kubwa kwa somo hili ni kwamba hujionyesha kama ukurasa wa wavuti. Hivyo simu haihitaji kuwekwa programu yoyote, kivinjari chatosha. Baada ya kuwekwa, amri ya pat configure hufungua faili la usanidi, na mambo matano hujazwa.

La kwanza ni alama ya wito. La pili ni nywila ya akaunti ya Winlink. La tatu ni gridi ya mahali, ambayo ni njia fupi ya wanaredio ya kutaja walipo: Nairobi imo katika KI88, Mombasa katika KI95, na San Juan ya Puerto Rico katika FK68. La nne ni anwani ya ukurasa. Awali Pat husikiliza ndani ya tarakilishi yake tu, kwa thamani ya localhost:8080. Thamani hiyo isipobadilishwa kuwa 0.0.0.0:8080, simu haitaweza kuufikia ukurasa huo hata kama mtandaopepe unafanya kazi barabara. La tano, katika sehemu ya ax25, kipengele cha engine huandikwa agwpe ili Pat ipitie mlango 8000 wa Dire Wolf.

Huduma ya Pat huagizwa iwake yenyewe kwa amri ifuatayo, neno la mwisho likiwa jina la mtumiaji wa tarakilishi:

sudo systemctl enable --now pat@pi

Dire Wolf nayo iwekwe katika orodha ya huduma zinazowaka pamoja na tarakilishi. Mwenye simu sasa atajiunga na POSTA-GARINI, kisha ataandika katika kivinjari chake http://10.42.0.1:8080. Sanduku la barua litafunguka.

4.5 Majaribio kwa hatua

Mwanafunzi asijaribu mambo yote kwa mkupuo. Kwanza, waya wa intaneti ukiwa bado umechomekwa, atume amri hii:

pat connect telnet

Amri hii huifikia seva ya Winlink bila redio. Ikifaulu, alama ya wito na nywila ya akaunti ni sahihi. Pili, aandike barua kwa simu na kuhakikisha imeingia katika sanduku la zinazosubiri. Tatu, achomoe waya wa intaneti, afungue redio kwenye masafa ya lango lililo karibu, asikilize kama kuna anayezungumza, kisha aliite lango:

pat connect ax25:///ALAMA-YA-LANGO-10

Maneno ALAMA-YA-LANGO hubadilishwa kwa alama ya wito ya lango lenyewe. Nambari 10 mwishoni hutenganisha lango na vituo vingine vya mwenye alama hiyo hiyo, na malango mengi huitumia. Kwa utaratibu huu, kila kosa hujulikana lilipo: kama ni la akaunti, la mtandaopepe au la redio.

5.0 Mipaka ya Kiufundi

5.1 Umbali

Mawimbi ya VHF husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, hivyo upeo wa macho wa dunia huyazuia. Kanuni ya kukadiria ni kuzidisha 4.12 kwa kipeuo cha pili cha kimo cha antena kwa mita; jibu huwa kilomita. Antena ya gari iliyo mita 2 kutoka ardhini hupata takriban kilomita 5.8. Antena ya lango iliyo kilimani kwa kimo cha mita 100 hupata takriban kilomita 41.2. Jumla yake, kilomita 47, ndiyo umbali wa kutarajiwa ikiwa hakuna mlima katikati. Kwa hiyo anayeliweka lango kilimani anawasaidia wengi kuliko anayenunua redio yenye nguvu zaidi.

Iwapo eneo lote lililo karibu limeharibika, kama ilivyokuwa Puerto Rico, VHF haitoshi. Hapo hutumiwa masafa ya HF, kati ya megahezi 3 na 30, ambayo huakisiwa na tabaka la ayonosfia na kuweza kuvuka bahari. Pat hufanya kazi pia na modemu za HF kama vile ARDOP, VARA na PACTOR. Mtandaopepe hubaki vile vile. Kinachobadilika ni redio, antena na modemu.

5.2 Kasi

Barua ya herufi 2,000, ikibanwa hadi nusu yake, ni biti 8,000. Kwa mwendo wa biti 1,200 kwa sekunde, itahitaji karibu sekunde 7, ukiacha muda wa salamu za mitambo na pakiti za kurudiwa. Winlink huruhusu barua isiyozidi kilobaiti 120 baada ya kubanwa. Barua ya ukubwa huo ingehitaji dakika 13 na sekunde 20 bila kosa hata moja, na katika muda huo hakuna mwingine angeweza kuyatumia masafa hayo. Katika maafa, anayetuma picha moja huenda amezuia orodha nzima ya majina. Haba na haba hujaza kibaba: maneno machache yaliyochaguliwa vyema ndiyo yanayofika.

5.3 Saa

Raspberry Pi za kabla ya toleo la 5 hazina saa ya kudumu. Husahau wakati zinapozimwa na kuupata tena kutoka intaneti. Pasipo intaneti, barua zitaandikwa tarehe zisizo sahihi, na taarifa ya manusura yenye tarehe ya juzi yaweza kupotosha waokoaji. Kipokezi cha GPS au kijisaa chenye betri yake huliondoa tatizo hili kwa gharama ndogo.

6.0 Nywila Bila Siri

Jambo linalowashangaza wengi wanaoanza ni kwamba barua ya redio ya ridhaa haina faragha. Kifungu cha 25 cha Kanuni za Redio za Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, kama kilivyorekebishwa mwaka 2003, kinakataza mawasiliano kati ya vituo vya ridhaa vya nchi mbalimbali yasifichwe maana yake kwa msimbo. Winlink hubana barua kwa njia inayojulikana na watu wote, jambo ambalo ni tofauti na kuficha. Zaidi ya hayo, mfumo huwaruhusu wenye leseni kuzisoma barua zilizopita redioni ili kuhakikisha kanuni hazivunjwi. Basi nambari ya akaunti ya benki, taarifa za mgonjwa na shughuli za kibiashara hazina nafasi hapa.

Kwa nini basi mtandaopepe uwe na nywila? Sababu ni uwajibikaji. Ukurasa wa Pat kwa kawaida haumwulizi anayeufungua yeye ni nani. Kila aliyeingia katika mtandaopepe anaweza kubonyeza kitufe cha kuunganisha na kuifanya redio itangaze kwa alama ya wito ya mwenye gari. Mbele ya sheria, mwenye alama ndiye atakayejibu. Utaratibu unaofaa ni wananchi kuandika, na mwenye leseni kusoma, kuidhinisha na kutuma.

Kifungu hicho cha 25 kinagusa pia suala la kuwatumia barua watu wasio na leseni. Mawasiliano ya kimataifa kwa niaba ya wengine yanaruhusiwa kwa dharura na uokoaji wakati wa maafa, na kila nchi ina uwezo wa kuamua jinsi kanuni hiyo itakavyotumika kwake. Aidha, kifungu kinazihimiza serikali kuwezesha vituo vya ridhaa vijiandae kwa maafa. Maandalizi hayo hayawezi kufanywa siku ya kimbunga. Jambo dogo kama orodha ya anwani laweza kuwa kikwazo: barua inayotoka nje kwenda Winlink hukataliwa ikiwa mtumaji hajaorodheshwa na mpokeaji, isipokuwa kichwa chake kianze kwa //WL2K. Familia isiyoelezwa hilo mapema ikiwa ndiyo ya kwanza kuandika, barua yake haitafika. Akiba haiozi.

7.0 Funzo kwa Istilahi za Kiswahili

Maelezo yaliyotangulia yametumia aina tatu za maneno. Kuna ya asili yaliyopanuliwa maana, kama lango, mlango na mteja. Kuna yaliyobuniwa, kama tarakilishi, kivinjari na nywila. Na kuna yaliyotoholewa, kama modemu, seva, programu na intaneti, ambayo yamepewa irabu za mwisho ili yafuate muundo wa silabi huru za Kiswahili. Kila aina ina manufaa yake, na mifano minne yafaa ichunguzwe kwa vigezo vya uangavu, ufupi na uzalishi.

Mfano wa kwanza ni ridhaa. Uteuzi huu una uzito wa kijamii. Mtu akiita redio hii “ya wasio stadi”, hakimu, mbunge au afisa wa maafa atawadharau wanaoiendesha. Akiiita ya ridhaa, msikilizaji ataelewa kwamba wamejitolea, na atajua kuwa kujitolea hakupingani na ujuzi. Neno limekwishaenea katika michezo, kwa hiyo halihitaji kufundishwa upya.

Mfano wa pili ni pepe. Kipashio hiki, kinachohusishwa na pepea na upepo, kilipata makao katika barua-pepe, hata kikashinda neno baruameme lililopendekezwa na baadhi ya wataalamu. Tangu hapo kimeenezwa katika maana tatu tofauti: kinachosafiri kielektroniki, kisichotumia waya, na kisicho halisi. Katika mtandaopepe, maana ya pili ndiyo inayokusudiwa. Mtafsiri asiyekuwa mwangalifu ataielewa kama ya tatu na kudhani ni mtandao wa kubuni tu. Hata hivyo, barua-pepe ya kawaida hupita katika waya na nyuzi za kioo kwa sehemu kubwa ya safari yake. Ile ya redio ya ridhaa hupepea hewani kwa hakika.

Mfano wa tatu ni nywila na nenosiri. Kwa wengi ni visawe. Sehemu ya 6.0 imeonyesha kwamba funguo za mfumo huu hutumikia uwajibikaji huku ujumbe wenyewe ukibaki wazi. Neno nenosiri humfanya mtumiaji afikiri kwamba alichokiandika kimekuwa siri. Nywila haina kivuli hicho, na katika maelezo kama haya ndiyo bora.

Mfano wa nne ni mvutano wa tarakilishi na kompyuta. Waandishi wengi wa Kenya walilikumbatia neno tarakilishi, ilhali Tanzania ilibaki na kompyuta. Mvutano huo haujazuia kazi kufanyika. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, tafsiri ya Kiswahili ya programu huria za ofisini. Mradi huo ulidhihirisha kwamba uhuria wa programu una faida isiyotajwa na wahandisi: mwenye lugha hahitaji kusubiri ruhusa ya kampuni ili kuitafsiri. Mlango huo huo uko wazi kwa Pat na Dire Wolf. Msimbo wao unapatikana, na wanafunzi wa Kiswahili wakishirikiana na wenzao wa sayansi ya tarakilishi wanaweza kuuandaa ukurasa wa barua ambao mkimbizi wa mafuriko atausoma bila mkalimani.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mtandaopepe wa Linux kwa barua-pepe za redio ni mfumo wa vipande vinavyojulikana: simu huandika, Pat huhifadhi, Dire Wolf hugeuza tarakimu kuwa milio, redio hutangaza, lango hupokea, na seva hufikisha. Vipande hivyo huunganishwa kwa amri chache na mafaili mawili. Kilicho kigumu zaidi ni nidhamu ya anayevitumia: kupima kabla ya siku ya haja, kuandika kwa ufupi, kuweka tarehe sahihi, na kukumbuka kuwa hewani hakuna siri.

Vilevile imebainika kwamba Kiswahili kinayabeba maelezo haya kuanzia antena hadi seva. Upungufu uliopo ni wa makubaliano kuhusu lipi litumike na kwa maana gani. Katika darasa, utata wa neno moja hugharimu alama chache. Katika kambi ya manusura, ambako afisa humweleza mama ni nani atakayeisoma barua yake na lini jibu litafika, utata huo huo waweza kumfanya aandike lisilopaswa kuandikwa, au asiandike kabisa. Kwa sababu hiyo, kazi ya kusanifisha istilahi za mawasiliano ya dharura yafaa ifanywe sasa, wakati minara ingali imesimama.